Kampemba: vyuma si vya wenye kutafuta kifua peke yao

Lubumbashi ni mji wa mpira. Mwaka 2010, TP Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Katika komini ya Kampemba, kutoka Bel-Air hadi Bongonga, vijana wengi wanaota kufika huko. Lakini mazoezi yao mara nyingi ni kukimbia na kucheza tu. Vyuma vinaachiwa wale wanaotaka kuonyesha misuli.

Wapo wanaosema kwamba vyuma vinamfanya mchezaji kuwa mzito na vinamzuia mtoto kurefuka. Hiyo si kweli. Mguu wenye nguvu unasukuma ardhi zaidi, na hapo ndipo mbio za ghafla na kuruka juu vinapotoka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanayakubali mazoezi hayo hata kwa watoto, mradi wafundishwe vizuri na wasimamiwe.

Faida kubwa ni kinga. Mwaka 2014, watafiti wa Denmark walikusanya majaribio 25 yenye watu zaidi ya 26,000. Waliona kwamba mazoezi ya nguvu yanapunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja. Kunyoosha viungo peke yake hakukuleta faida. Kwa kijana ambaye familia yake haina pesa za kupasua goti, jambo hili linaweza kuamua kama ataendelea kucheza au ataacha akiwa na miaka 19.

Mwingine atauliza: anayebeba magunia tangu asubuhi, anahitaji vyuma vya nini? Gunia halina mpango. Linalemea mgongo uleule kila siku, bila mapumziko. Mazoezi yanaanza na uzito mdogo, yanaongezwa polepole, na mwili unapewa siku ya kupumzika.

Wala si habari ya vijana tu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri watu wazima kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa juma. Yanasaidia mifupa, yanapunguza sukari katika damu na kuwalinda wazee wasianguke. Mwaka 1990, huko Boston, wazee wa miaka 90 hivi walifanya mazoezi kwa majuma 8 tu, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya mara mbili.

Hakuna haja ya kungoja jumba la bei kali. Programu ya FIFA 11+ inachukua dakika 20 hivi, inahitaji uwanja na mpira tu. Kuchuchumaa na kuinuka, au kujisukuma kwa mikono, havilipishwi. Kinachokosekana ni wa kufundisha. Viongozi wa komini, shule na timu za mitaa wawape makocha mafunzo hayo kabla ya msimu ujao. Na wazazi wasiwakataze watoto vyuma. Wadai kwanza awepo msimamizi anayejua kazi yake.