Kabla ya Kiyoyozi, Tazama Juu

Ndugu zangu wa Mpanda, Inyonga, Karema na Katavi yote,

Septemba na Oktoba hakuna wa kutueleza joto ni nini. Viboko wa mto Katuma wanabanana kwenye tope lililobaki, nasi tunabanana barazani. Saa mbili usiku weka kiganja ukutani: tofali la kuchoma bado lina moto wa jua la mchana. Juu, bati linalia ta! ta! likipoa. Watoto wanaburuta mkeka nje, na mbu wanawasubiri hukohuko.

Ndipo tunapoulizana: ninunue kiyoyozi? Mji wa Mpanda uliozoea muungurumo wa majenereta ya dizeli sasa unazungumzia umeme wa gridi, na swali hilo si la matajiri peke yao tena.

Simkatazi mtu. Naomba tupige hesabu kwanza. Kiyoyozi kidogo cha chumbani kikivuta kilowati 1 kwa saa 8, kimekula yuniti 8 usiku mmoja. Mteja wa matumizi madogo, anayetakiwa asizidi yuniti 75 kwa mwezi, atazimaliza usiku wa kumi, na akizidisha bei inapanda. Feni ya wati 70 kwa saa hizohizo haifikishi hata yuniti 1.

Tena kiyoyozi hicho kitakuwa kinapigana na bati tupu. Jua linachoma bati, bati linamwaga joto kitandani, nawe unalipia LUKU kulifukuza.

Basi tuanzie juu. Piga dari, hata ikiwa ni ya chumba kimoja cha kulala. Acha matundu ya hewa chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, uyazibe kwa wavu wa mbu. Bati lililochakaa lipake rangi nyeupe. Kisha weka feni, ulale wiki mbili. Ukiona bado, au nyumbani kuna mgonjwa asiyestahimili joto, nunua kiyoyozi kwa moyo mweupe, ila fundi akague nyaya kabla hajakitundika.

Dari hiyohiyo itakufaa Juni na Julai, baridi ya alfajiri inapowashawishi watu kuingiza jiko la mkaa chumbani. Jamani, tusilale na jiko la mkaa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu hupitiwa usingizini.

Linabaki la kufanya pamoja. Mvua za Novemba zikishika, kila kaya ya Mpanda, kuanzia Kashaulili na Makanyagio hadi Nsemulwa na Kawajense, ichimbe shimo moja upande wa magharibi wa nyumba, linakopigia jua la alasiri, ipande mwembe au mwarobaini. Jirani asiye na nguvu tumchimbie. Na mbuzi, tafadhali, wafungwe.