Saruji si dawa ya nyumba za kale zilizolowa

EL NINO ya mwaka wa 2023 ilipoleta mafuriko Mombasa mwezi wa Novemba, wengi walihesabu hasara kwa kutazama barabara. Lakini maji yanayotoweka barabarani kwa siku chache huweza kukaa miezi kadhaa ndani ya ukuta wa nyumba ya kale.

Mwenye nyumba anapoona chokaa ikibambuka, aghalabu humwita fundi apige plasta ya saruji. Nyumba hupendeza, na hapo ndipo madhara huanza.

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zake nene hunyonya maji, kisha huyatoa polepole jua linapowaka. Chokaa hupitisha unyevu huo ilhali saruji huufungia. Maji yakikosa njia hupanda ukutani pamoja na chumvi, ambayo ikiganda humega mawe ndani kwa ndani. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza, na anayelala chini ya dari hana habari.

Hatari ya kupuuza majengo ya aina hii ilidhihirika Zanzibar. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka wa 1883 lililokuwa limechakaa kwa muda mrefu, iliporomoka Desemba 25, 2020 likikarabatiwa. Watu wawili walifariki.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, kabla ya kuziba yafaa kujua maji yanatoka wapi: paa linalovuja, bomba lililopasuka au mtaro ulioziba. Chanzo kikishatibiwa, saruji ibanduliwe, madirisha yafunguliwe na ukuta uachwe ukauke. Boriti zikaguliwe, ndipo chokaa ipakwe.

Kikwazo ni gharama. Chokaa hutaka subira na fundi anayeijua, na mafundi hao wanazidi kupungua. Nyumba nyingi ni za urithi wa ndugu wengi au za wakfu, hivyo kila mmoja humsubiri mwenzake atoe pesa.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la uhifadhi mwaka wa 1990. Tangazo hilo halikaushi ukuta wa mtu. Serikali ya kaunti na Makavazi ya Kitaifa zikitaka nyumba hizo zidumu, hazina budi kufunza mafundi vijana na kuwapunguzia wakazi gharama ya chokaa, kabla mvua nyingine kubwa haijabisha hodi.