Lokandu: Pompe ya umeme isigeuke kaburi la wachimbaji

Mvua ikinyesha usiku mzima katika teritware ya Kailo, asubuhi wachimbaji hawaulizani kwanza habari ya dhahabu wala ya kasiterite. Wanauliza swali moja tu: maji yamefika wapi ndani ya shimo? Kama yamejaa, hakuna kazi, na bila kazi hakuna chakula nyumbani.

Zamani maji yaliondolewa kwa ndoo na bidoni, mkono kwa mkono. Kisha zikaja motopompe za esanse. Siku hizi, katika machimbo mengine ninayopita kwa kazi yangu ya uandishi, ninaona pompe za umeme zinazozamishwa ndani ya maji, zile zinazovuta tope, mchanga na changarawe pamoja. Grupu inanguruma juu, nyaya inashuka shimoni, na tope linapanda kwa mpira mpaka kwenye mfereji. Kazi iliyochukua siku mbili inakwisha kwa saa chache.

Ni maendeleo, sikatai. Lakini mwezi uliopita, kwenye shimo moja mwendo wa pikipiki kutoka Lokandu, niliona jambo ambalo mpaka leo linaninyima usingizi. Vijana wawili walikuwa wamesimama ndani ya maji mpaka mapajani huku pompe ikizunguka pembeni yao. Nyaya ilikuwa imekatika mahali fulani na kuungwa kwa mkono, ikafungwa kipande cha plastiki cheusi. Maungio yenyewe yalikuwa yanagusa maji. Pompe ilipoziba, kijana mmoja aliivuta kwa nyaya yake ya umeme, kama mtu anayevuta mbuzi kwa kamba.

Nilimuuliza kama haogopi. Akacheka: «Yaya, usiogope. Huu ni umeme wa grupu tu, hauna nguvu kama ule wa SNEL.»

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Kijana yule si mjinga. Anajua kusoma udongo na mawe kuliko mimi niliyesoma chuo kikuu. Lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba grupu inayotoa volti 230 inatoa volti zile zile zinazopita kwenye nyaya za mjini Kindu. Na zile kubwa za nyaya tatu zinatoa volti 400. Moyo wa mtu hauulizi umeme umetoka wapi. Miliampere 30 tu zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuvuruga pumzi na mapigo ya moyo. Mwili uliolowa, miguu ndani ya matope, unapitisha zaidi ya mara tatu ya hizo.

Niseme wazi msimamo wangu: sitaki pompe za umeme zikatazwe. Kuzikataza ni kuwarudisha vijana kwenye motopompe za esanse, na hizo nazo zinaua. Wengi wanazishusha ndani ya shimo ili zivute vizuri. Moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Mchimbaji anaona kichwa kinauma, miguu inalegea, analala, haamki. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anabaki huko huko. Pompe ya umeme inaondoa hatari hiyo, kwa sharti moja: grupu ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hausukumi moshi kurudi ndani. Grupu ikishushwa shimoni, au ikiwekwa mlangoni pa handaki, faida yote imepotea.

Kwa hiyo swali letu liwe hili: nani anaitumia pompe, na kwa kanuni gani?

Kanuni ya kwanza ni rahisi kuliko zote: pompe ikizunguka, hakuna mtu ndani ya maji. Hata dakika moja. Anayetaka kuingia kuondoa jiwe au kusogeza mpira, grupu izimwe kwanza na nyaya ichomolewe, na yeye mwenyewe aondoke na ufunguo wa grupu mfukoni mwake. Asimwachie mwingine. Wengi wanapigwa na umeme kwa sababu mtu wa juu, asiyejua kuna mwenzake chini, amewasha. Ufunguo ukiwa mfukoni mwa aliye shimoni, hakuna wa kuwasha.

Ya pili ni kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja, kile ambacho mafundi wanakiita dijonteri diferensieli ya miliampere 30. Kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo haujasimama. Lakini hapa kuna mtego ambao hata mafundi wengine wanausahau. Kwenye grupu nyingi ndogo, waya wa netre haujaungwa na chuma cha grupu wala na ardhi. Hapo dijonteri inaweza kukaa kimya mtu akipigwa. Lazima fundi wa umeme anayejua kazi aunge netre na bodi ya grupu, apige chuma ardhini kwenye udongo wenye unyevu, na waya wa ardhi ufike mpaka kwenye pompe yenyewe. Kitufe cha kujaribia kibonyezwe kila asubuhi kabla ya kazi, tukikumbuka kwamba kinapima kifaa tu, hakipimi waya wa ardhi. Huo nao upimwe na fundi.

Ya tatu ni nyaya. Iwe nzima kutoka pompe mpaka juu, ya mpira mzito uliotengenezwa kwa kazi ya maji. Ikichubuka, ibadilishwe, isifungwe plastiki. Na pompe isivutwe kamwe kwa nyaya. Inashushwa na kupandishwa kwa mnyororo au kamba imara iliyofungwa kwenye mkono wake. Kila unapoivuta kwa nyaya, unalegeza mahali inapoingia kwenye mota, maji yanapenya, na siku moja maji yote ya shimo yanakuwa na umeme.

Ya nne inahusu tope lenyewe. Tope ni zito kuliko maji, na mchanga unakula chuma. Pompe ya maji safi ikipewa kazi hii inaharibika haraka, na pompe iliyoharibika ndiyo inayovujisha umeme. Ile iliyotengenezwa kwa tope nayo inataka adabu. Ining'inie juu kidogo ya sakafu, isizikwe ndani ya matope. Isizunguke bila kufunikwa, kwa sababu maji yanayoizunguka ndiyo yanayoipoza. Kabla ya kuizima, ivute maji mepesi kidogo ili mchanga ulio ndani ya mpira utoke; usipofanya hivyo unarudi chini na kuiziba, na kesho kijana ataingiza mkono kuizibua. Grupu nayo iwe na nguvu mara mbili au tatu ya pompe, kwani mota inapoanza inavuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imekwisha kuzunguka.

Ya tano haihusu umeme, lakini inaua wengi zaidi: mwendo wa kuondoa maji. Maji yaliyojaa shimo yanasukuma kuta zake na kuzishikilia. Ukiyaondoa yote mbio mbio, kuta zinabaki zimeloa, nzito, bila cha kuzishika. Halafu vijana wanashuka papo hapo kwa sababu PDG, mwenye shimo, anahesabu mazuti iliyotumika. Maji yapunguzwe kidogo kidogo, kuta ziangaliwe, watu wangoje. Na tope linalotoka lisimwagwe karibu na mdomo, kwa sababu litarudi shimoni na kulegeza udongo wa juu.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa kile maji na udongo vinaweza kufanya. Oktoba 2019, hapa hapa Maniema, shimo la dhahabu liliporomoka Kampene na kuua watu zaidi ya kumi. Tarehe 11 Septemba 2020, Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo na vijana wapatao hamsini wakabaki chini. Kule Mirerani, Tanzania, mafuriko ya mwaka 2008 yaliwazika makumi ya wachimbaji wa tanzanite. Kila mara tunalia, tunazika, viongozi wanatoa pole, kisha tunarudi kazini kama jana.

Nimekwisha kusikia majibu mawili. La kwanza: «Sisi ni maskini, hatuna pesa ya vifaa hivyo.» Mchimbaji akisema hivyo, ninamwelewa. Mwenye shimo akisema hivyo, simwelewi. Mtu aliyenunua pompe, grupu na mipira, na anayenunua mazuti kila siku, hawezi kushindwa na dijonteri ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya pompe. Ufunguo kukaa mfukoni mwa aliye shimoni haugharimu hata franga moja.

PDG mmoja aliniambia kwa heshima: «Ndugu mwandishi, tukizima kila mara mtu anapoingia, maji yanarudi.» Ni kweli, yanarudi. Lakini maji yakirudi yatavutwa tena. Mtoto wa mtu hatavutwa tena.

Jibu la pili linatoka kwa wenye ofisi: shimo fulani halina karatasi, kwa hiyo hawawezi kwenda kufundisha pale. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka wachimbaji wadogo wawe ndani ya kooperative, na ni vizuri ifuatwe. SAEMAPE ipo ili kuwasaidia na kuwaongoza wachimbaji hao. Lakini umeme hauombi karatasi kabla ya kuua. Kufundisha mtu asife si kumpa haki ya kuchimba. Docta hospitalini haulizi mgonjwa kama shimo lake linajulikana.

Ninachoomba ni kidogo. SAEMAPE na kooperative zichague katika kila machimbo mtu mmoja wa pompe, afundishwe na fundi wa umeme, na awe na haki ya kusema «simamisha» hata mbele ya PDG. Redio za Kindu zitangaze kanuni hizi kwa Kiswahili chetu, hasa wakati wa mvua. Wauzaji wa pompe wasiuze bila kumweleza mnunuzi pompe ile inavuta nini na inataka grupu ya nguvu gani. Na viongozi wa teritware waangalie tope linamwagwa wapi, kwa sababu watu wa Lokandu na wa vijiji vya chini wanachota na kuvua katika Lualaba hii hii.

Kwenu vijana wa mashimo, neno la mwisho. Ukiona mwenzako amepigwa na umeme ndani ya maji, usiruke kumshika. Utakufa pamoja naye. Kimbia kwanza kwenye grupu, zima, chomoa. Halafu mtoe, na kama hapumui, mbonyeze kifua kwa nguvu bila kuacha huku mwingine akitafuta msaada. Moyo unakusukuma uruke, ninajua. Ndiyo maana mambo haya yazungumzwe leo, mkiwa mmekaa mnakula, kabla ya grupu kuwashwa.

Yule kijana aliyeniita yaya, nilimwacha akiwa bado anacheka. Nitakaporudi kwenye shimo lile, nataka nimkute akiwa juu, pompe inafanya kazi chini peke yake, na ufunguo wa grupu umekaa tayari mfukoni mwake kwa zamu yake ya kushuka.