Sindano ya Kulegeza Taya

Katika nyumba nyingi za Simbo, kama ilivyo Ujiji na Kigoma mjini, yupo mtu asagaye meno usingizini hata mwenzake akaamka. Wengi hucheka; wengine husingizia minyoo. Lakini kwa mtu aliyewekewa jino la kupandikiza, jambo hili si la mzaha.

Jino la asili halikugandamana na mfupa. Limeshikwa na nyuzi ndogo zinazopunguza kishindo na kuupasha ubongo habari nguvu inapozidi. Jino la kupandikiza husimama juu ya skrubu ya titani iliyoshikamana na mfupa wenyewe, njia ambayo Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimtibu nayo mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Nyuzi hizo halina. Hivyo msagaji huliuma kwa nguvu pasipo kujua. Jino huvunjika, skrubu hulegea, na akiba ya familia hupotea.

Ndipo baadhi ya madaktari wakaanza kuichoma misuli ya kutafunia sindano ya dawa ijulikanayo kwa jina la Botox. Asili yake ni sumu ya bakteria wanaostawi katika chakula kilichofungiwa pasipo hewa. Jirani zetu wa Kenya waliyaona madhara yake: mwaka 1980 madaktari waliandika juu ya watu waliokufa baada ya kula kumbikumbi walioharibika. Kwa kipimo kidogo mno, sumu hiyo huzuia neva zisiuamuru msuli, na nguvu ya kuuma hupungua kwa miezi mitatu au minne. Kisha sindano hurudiwa.

Je, inafaa? Ushahidi kwamba huyaokoa meno hayo ungali mchache, gharama hujirudia, na yapo mashaka kwamba msuli ukilegezwa mara kwa mara, mfupa wa taya nao hupungua. Kinga ya kwanza ni nyepesi zaidi: kifuniko cha plastiki ngumu, kilichotengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mgonjwa, kivaliwacho usiku. Kupunguza pombe na sigara pia husaidia.

Basi ndugu msomaji, kabla hujalipia jino la kupandikiza, mweleze daktari kama unasaga meno. Na kwa kuwa msagaji hajisikii, shahidi ni mwenzake wa kitandani. Mama au baba, usinyamaze kwa kuona haya. Neno lako moja laweza kuokoa jino na fedha za nyumba nzima.