Vijana wenye usonji wafundishwe kazi kazini, si kufungiwa nyumbani

Mfugaji wa kuku anapotafuta kijana wa kumsaidia bandani, mara nyingi kitu cha kwanza anachokipima ni mazungumzo. Kijana akiamkia vizuri, akamtazama mwenye banda usoni na kujibu haraka, anaonekana mtu wa kazi. Akiingia bila salamu, akatazama chini na kukaa kimya, anahesabiwa kuwa jeuri kabla hajashika hata trei moja ya mayai. Kwa kipimo hicho, vijana wengi wenye usonji hukosa kazi ambazo wangeziweza.

Usonji, ambao wengine huuita otizimu, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Hauambukizi, si laana, wala hauletwi na malezi mabaya. Humpa mtu ugumu wa kuwasiliana na wenzake, na wengi husumbuliwa na makelele au mabadiliko ya ghafla. Hawafanani. Wapo wasiozungumza kabisa na wapo waliomaliza chuo kikuu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kama uwiano huo ungekuwa sawa kila mahali, kata yenye watu 12,700 ingekuwa na watu 100 wenye hali hiyo. Hilo si jambo la familia moja au mbili.

Hasara ya kiuchumi huonekana zaidi masomo yanapokwisha. Mtoto aliyebahatika kupata shule yenye kitengo maalumu huwa na mwalimu na ratiba. Akishakuwa kijana, hurudi nyumbani kukaa. Mzazi, mara nyingi mama, hupunguza eka za kulima au hufunga genge ili amwangalie. Hapo kaya hupoteza nguvu kazi ya watu wawili, si mmoja. Mzazi naye huzeeka, na swali la nani atamtunza kijana huyo hubaki bila jibu.

Tanzania Bara ina sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Lakini mwenye mashine ya kusaga, mwenye duka la pembejeo na mfugaji hawafikishi wafanyakazi 20, na huko ndiko kwenye kazi nyingi za vijijini na miji midogo.

Ipo pia mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo fungu la watu wenye ulemavu ni asilimia 2. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni msaada mzuri, ila mkopo hununua vifaranga. Haumfundishi kijana kumweleza bosi kwamba chakula cha kuku kimekwisha.

Ujuzi wa aina hiyo hufundishika. Katika jimbo la Virginia, Marekani, watafiti waliwafuatilia vijana 40 wenye usonji waliokuwa wakimalizia shule. Vijana 24 walipelekwa kujifunza kazi ndani ya hospitali kwa miezi tisa, wakihamishwa idara hadi idara, huku wakufunzi wanaoujua usonji wakiwa karibu nao. Wengine 16 waliendelea na masomo ya kawaida ya elimu maalumu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kuwa 21 kati ya wale 24 walipata ajira. Kwa wale 16, aliyepata ni mmoja tu.

Kundi hilo lilikuwa dogo na Virginia si Singida. Hata hivyo, funzo lake halihitaji hospitali kubwa: kazi ilifundishwa mahali inapofanyika, na vijana walipewa muda wa kutosha.

Mfano ni banda la kuku 500 wa mayai. Wakitaga kwa asilimia 80, kila siku kuna mayai 400, yaani trei 13 na mayai 10. Lazima yaokotwe kwa saa maalumu, yafutwe, yatenganishwe makubwa na madogo, yaliyopasuka yawekwe kando na hesabu iandikwe. Ni kazi ya kurudiarudia ambayo wengi huichoka. Kwa baadhi ya vijana wenye usonji, ratiba isiyobadilika ndiyo inayowapa utulivu. Ndivyo ilivyo pia katika kujaza udongo kwenye viriba vya miche, kuchambua mbegu, au kupima unga na kuufunga.

Mafunzo hayo yanamhusu mwajiri pia. Akisema, "Hebu kaangalie maji ya kuku," kijana anaweza kwenda, akayaangalia na kurudi. Amefanya alichoambiwa. Inafaa aambiwe, "Mwaga maji ya zamani, osha vyombo vyote vinane, jaza maji safi, kisha njoo uniambie." Picha za hatua za kazi zikibandikwa ukutani, zinasaidia zaidi. Kijana naye afundishwe kuamkia, kuomba msaada, kupanda daladala peke yake na kutambua utani wa wenzake. Asiyeweza kutazama watu machoni asilazimishwe, kwa kuwa mayai hayahesabiwi kwa kumtazama bosi.

Wapo watakaosema biashara ndogo haina muda wa kufundisha. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana gharama ya mwanzo isiachwe kwa mfugaji peke yake. Halmashauri na vyuo vya ufundi vingeweza kutoa mkufunzi mmoja wa kuzunguka kwa waajiri watano au sita, akikaa na kila kijana mpaka aizoee kazi. Mfugaji naye apige hesabu ya kufundisha upya kila kibarua anapoondoka baada ya miezi miwili.

Jambo moja lisifichwe chini ya neno msaada, nalo ni ujira. Kijana akishajua kazi, alipwe sawa na mwingine anayefanya kazi hiyohiyo. Kumpa chakula na nguo kuukuu kwa sababu "hajui fedha" ni unyonyaji. Kuzijua na kuzitunza fedha zake nako ni sehemu ya mafunzo.

Si kila kijana mwenye usonji ataweza kuajiriwa, kama ambavyo si kila kijana huwa mkulima hodari. Wanaoweza wapewe nafasi ya majaribio, wapimwe kwa trei walizopanga na magunia waliyofunga. Halmashauri zinapopanga bajeti, fungu la wakufunzi wa kazini liwemo.