Kaa Gani? Kisanduku cha Umeme Katika Utafiti wa Fasihi Simulizi

Katika majarida yetu ya Kiswahili tumezoea kujadili nadharia, wahakiki, lahaja na istilahi. Ni nadra kumkuta mwenzetu akiandika juu ya chombo anachofanyia kazi. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo. Yanahusu kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani, kwa upande wa nyuma, ambapo waya wa umeme wa ukutani huchomekwa. Mafundi wa Malindi na Kilifi hukiita pawa saplai. Mjadala wa tarakilishi na ngamizi nauacha kando leo. Hapa nitatumia kisanduku cha umeme, alimradi tuelewane. Hoja yangu ni kwamba mtafiti wa fasihi simulizi anapobadilisha kisanduku kilichoharibika, kuchagua kilicho kimya na cha kutegemewa si anasa bali ni sehemu ya mbinu za utafiti, na idara zetu zinapaswa kulihesabu hivyo. Nayaandika haya kwa sababu mimi mwenyewe nililipuuza jambo hili, na tasnifu yangu ina pengo ambalo sitaweza kuliziba.

Utafiti wangu wa uzamili unahusu nyimbo za vugo ambazo wanawake wa Kiswahili huziimba harusini. Kompyuta yangu ni ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ofisini. Siku moja haikuwaka. Fundi aliifungua, akakichomoa kisanduku, akakijaribu kwa mita yake, kisha akasema: "Mwalimu, mashine ni nzima, ila pawa saplai imekwenda." Dukani palikuwa na visanduku vya aina mbili. Kimoja kiliuzwa shilingi 1,200, na cha pili kiligharimu zaidi ya mara nne ya hapo. Kwa mwanafunzi anayelipia chumba na nauli za kwenda uwandani, uamuzi haukuhitaji kufikiri. Nilichukua cha bei ya chini. Kilivuma kama cherehani. Nikajiambia kwamba masikio yatazoea, na kweli yakazoea. Hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Wiki chache baadaye, bibi mmoja mkongwe wa Malindi, mwimbaji wa vugo tangu ujana wake, aliridhia kuja kuniimbia nyumbani kwa shangazi yangu. Kinasa sauti changu cha mkononi kiliishiwa na betri siku hiyo, nami sikuthubutu kumrudisha mtu wa umri wake. Nikachomeka maikrofoni kwenye kompyuta na kuanza kurekodi. Aliimba na kunieleza kwa muda wa saa nzima. Kati ya wimbo wa tatu na wa nne alinyamaza, akageuka na kuuliza: "Mjukuu wangu, kidude hicho chavuma nini?" Nikamjibu, "Ni feni tu, Bibi." Akacheka, akaendelea na wimbo.

Kisanduku kile hakikumaliza miezi mitano. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limekolea. Umeme ulikatika alasiri, na uliporudi pakasikika mlio mmoja wa kupasuka, harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Kwa bahati njema diski iliyohifadhi rekodi zangu ilisalimika. Mara hii shangazi alinikopesha fedha, nami nikanunua kilicho bora. Fundi alipokifunga na kuiwasha kompyuta nilidhani imekataa, kwa kuwa sikusikia kitu. Ilibidi nitazame taa ya mbele ndipo niamini. Usiku huo nikaifungua rekodi ya bibi ili nianze kuinukuu. Mvumo ule ule ukanijia masikioni. Nikainuka kuikagua mashine. Ilikuwa kimya. Mvumo haukuwa chumbani tena, bali ulikuwa ndani ya rekodi.

Msomaji anaweza kuuliza: mvumo kidogo una madhara gani, ikiwa maneno yanasikika? Jibu limo katika fonolojia yetu wenyewe. Katika lahaja za kaskazini, zikiwemo Kimvita na Kiamu, na katika usemi wa wazee wengi wa mwambao huu, kuna tofauti kati ya konsonanti zenye mpumuo na zisizo na mpumuo. Paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo. Paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi inayosikika baada ya p. Kaa la moto halina mpumuo. Kaa wa baharini anao. Chanzo chake ni cha kisarufi: mpumuo ni masalia ya nazali iliyokuwa kiambishi cha ngeli ya N, ilhali maneno yenye wingi wa ma- hayakuwa na nazali hiyo. Hati sanifu haiandiki tofauti hii, na wengi wetu tuliojifunza Kiswahili cha vitabuni hatuitamki. Kwa mwimbaji wa kale, hata hivyo, ni tofauti ya maana.

Sasa, mpumuo ni nini kama si mshindo mfupi na hafifu wa hewa? Na feni hutoa nini kama si mshindo wa hewa usiokoma? Sauti hizi mbili ni za namna moja, na iliyo kubwa huimeza iliyo ndogo. Vokali za bibi zinasikika vizuri, nazali zake pia, lakini kile hasa kinachotofautisha paa na paa, au kaa na kaa, kimefunikwa. Nilijaribu programu za kusafisha sauti. Zinapoondoa pumzi ya feni huondoka pia na pumzi ya mwimbaji, kwa kuwa haziwezi kujua ipi ni ya mashine na ipi ni ya mtu.

Katika wimbo mmoja bibi anamwita bwana harusi kaa. Neno limesimama peke yake, hakuna upatanisho wa kisarufi wa kutuongoza. Kama ni kaa wa baharini, wimbo unamkejeli: aenda upande, na akitishwa hukimbilia shimoni. Kama ni kaa la moto, wimbo unamsifu: waonao jivu wasidhani ndani hamna joto. Hizi ni tafsiri mbili zinazopingana, na hoja nzima ya sura yangu ya nne inategemea mojawapo. Msimamizi wangu alipoisoma rasimu aliandika pembeni maneno mawili tu: "Kaa gani?" Niliporudi Malindi kuuliza, nilikuta bibi amekwisha kufariki. Nimewauliza wanawake wengine. Mmoja ameniambia ni wa baharini, wa pili ameniambia ni la moto, na wengine hawaujui wimbo huo.

Tuangalie basi kwa nini visanduku vya bei ya chini huvuma na kufa mapema. Umeme wa Kenya hufika ukutani ukiwa wa volti 240, unaogeuka mwelekeo mara kwa mara. Kompyuta haiwezi kuutumia hivyo. Kisanduku huugeuza kuwa umeme wa mwelekeo mmoja wa volti 12, 5 na 3.3. Katika kuugeuza, sehemu fulani hupotea kama joto, na joto ndilo linaloamua kasi ya feni. Chukua kompyuta inayohitaji wati 80. Kisanduku chenye ufanisi wa asilimia 70 kitavuta takribani wati 114 na kupoteza 34. Chenye ufanisi wa asilimia 85 kitavuta wati 94 na kupoteza 14. Joto limepungua zaidi ya nusu, kwa hiyo feni inaweza kuzunguka polepole. Aidha, feni pana ya milimita 120 husukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache kuliko feni ndogo ya milimita 80, na mizunguko michache ni kelele chache. Ukimya, kwa hiyo, si pambo la kuongezewa bei. Mara nyingi ni dalili kwamba kazi ya ndani imefanywa vyema.

Joto hilo hilo ndilo linalofupisha maisha. Ndani ya kisanduku mna kapasita zenye majimaji, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huongeza maisha yake takribani mara mbili. Hapa kwetu kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na hewa ya bahari hubeba chumvi inayokula metali na vumbi linaloziba feni. Ongeza kukatika kwa umeme, ambako hakuoni bara wala pwani: tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Mara nyingi kinachoua si kukatika kwenyewe bali kurudi, pale umeme unapoingia kwa mruko. Kisanduku bora kina ulinzi wa ndani unaozima kabla ya madhara kufika kwenye diski. Kile duni huweza kufa na jirani zake.

Kwa mwanafunzi anayekwenda dukani kesho, nashauri haya. Usidanganywe na namba kubwa ya wati iliyobandikwa ubavuni. Kompyuta ya kuandikia na kusikilizia rekodi haihitaji zaidi ya wati 300, mradi ziwe za kweli. Tafuta alama ya 80 PLUS, mpango ulioanza mwaka 2004 wa kuthibitisha kwamba kisanduku kina ufanisi wa angalau asilimia 80. Baadaye madaraja ya juu, kama vile dhahabu, yakaongezwa. Alama nazo hughushiwa, hivyo kishike mkononi pia: kilicho chepesi kupita kiasi kimepunguziwa vitu vya ndani. Omba kiwashwe dukani na usogeze sikio. Kama nyuma kina swichi ndogo ya 115 na 230, hakikisha ipo kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa mashine yako ni ya ofisini, Dell au HP kwa mfano, nenda nayo, maana baadhi yake zina umbo na plagi zisizolingana na visanduku vya kawaida. Na kile kilichokufa usikifungue: kapasita zake zaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Mwachie fundi.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba siku hizi kila mtu ana kipakatalishi, ambacho kina betri na feni ndogo. Si kila mtu. Wanafunzi wengi bado wanategemea kompyuta za mezani, za mitumba au za maabara za idara, na ndizo zinazotumika kunukuu na kuhifadhi. Hata mwenye kipakatalishi hufanya kosa hilo hilo anapolibadilisha chaja yake kwa ya bei poa. Pingamizi ya pili ni ya fedha, na hii siidharau, kwa kuwa nimeinunua kwa mfuko wangu. Lakini nilinunua visanduku viwili badala ya kimoja, nikamlipa fundi mara mbili, na bado sijui ni kaa gani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wapo pia watakaosema kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mtafiti makini harekodi kando ya mashine inayovuma. Nakubali. Ila nani alinifundisha? Katika somo la mbinu za utafiti nilifundishwa usampulishaji, hojaji na maadili ya uwandani. Sikufundishwa kuusikiliza ukimya wa chumba kabla ya kumkaribisha mtoa taarifa. W. E. Taylor, aliyeishi pwani hii mwishoni mwa karne ya 19 na kuchapisha msamiati wa Kigiryama mwaka 1891, alitumia alama maalumu kutofautisha sauti za Kimvita ambazo hati ya kawaida iliziacha. Alikuwa na sikio na kalamu tu. Sisi tuna mashine, na tusipozijua zitatupokonya hata alichokipata yeye.

Mwambao huu haukosi watu wa kusikilizwa. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwaka 2009 mila zinazofungamana na kaya hizo ziliwekwa miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Neno dharura lilitumiwa kwa sababu wazee wanaondoka. Kila rekodi ya mzee ni ya mara moja.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa walimu wetu na kwa chama chetu. Kwanza, somo la mbinu za utafiti litenge angalau kipindi kimoja cha vyombo vya kurekodia na kuhifadhia, na fundi wa mjini aalikwe kukifundisha. Anajua tusiyoyajua, tena huyaeleza kwa Kiswahili. Pili, bajeti ya utafiti inayopitishwa idarani iruhusu ukarabati wa kompyuta kwa vifaa bora, badala ya kukubali daima ankara ya chini kabisa. Tatu, kompyuta za maabara zinazotumiwa kunukuu fasihi simulizi zikaguliwe kabla ya kaskazi kila mwaka: zipulizwe vumbi, feni zisikilizwe, na kisanduku kinachovuma kibadilishwe kabla hakijafa.

Kisanduku changu cha sasa kimepita kaskazi mbili bila kulalamika. Ninapofanya kazi usiku nasikia kunguru wa alfajiri kabla sijaisikia kompyuta. Katika tasnifu yangu, chini ya wimbo ule, nimeziandika tafsiri zote mbili na kukiri kwamba kosa ni la rekodi, si la mwimbaji. Yeye alitamka neno lake sawasawa, na hata aliniuliza juu ya kidude kile.