Bei ya unga tunaijua, lakini ndani yake mna nini?

Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mahindi yalikauka mashambani, na wasiwasi ukavuka mpaka hadi Lubumbashi, mji unaotegemea sana unga wa Zambia. Kila unga ukipanda bei, mazungumzo ni yale yale: mfuko ni franka ngapi, mahindi ya Kaniama-Kasese yatafika lini? Ni maswali ya haki. Lakini mama wa Katoto, hapa Kamina, ana lingine: huu bukari unamjenga mtoto, ao unamjaza tumbo tu?

Tupime gramu 100 za kila unga. Kwa nguvu ya kufanya kazi, zote zinakaribiana. Tofauti iko kwenye protini, ile inayojenga mwili. Mtama una karibu gramu 10, mahindi yasiyokobolewa karibu 9, mchele mweupe na ulezi karibu 7. Lakini ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, ya kukomaza mifupa. Mahindi hayafiki hata 20. Na muhogo? Huo si nafaka, ni mzizi: unga wake una gramu 1 ao 2 tu za protini.

Hapo ndipo shida ilipo. Mahindi yakipanda bei, nyumba nyingi zinaongeza muhogo ndani ya bukari. Tumbo linajaa kama jana, lakini protini imeshuka bila mtu kuona. Mkubwa atavumilia, mtoto aliyeachishwa ziwa juzi hatavumilia.

Wala mahindi peke yake hayatoshi. Mwaka 1933, daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa wa kwashiorkor huko Gold Coast, Ghana ya leo: watoto walivimba miguu, na chakula chao baada ya ziwa kilikuwa mahindi karibu matupu. Protini ya mahindi ina upungufu, na maharagwe ndiyo yanauziba: gramu 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini.

Basi, kwenye mashini usikubali mahindi yakobolewe mpaka yawe meupe kabisa. Kiini kinachotupwa ndicho chenye mafuta na vitamini. Ukilazimika kuongeza muhogo, ongeza na maharagwe ao ndakala, hata kidogo, na sahani ya mtoto ianze kupata. Na wakubwa wanaojadili bei ya unga, wajadili na ya maharagwe.